Swali la Mpiga Kura Lisilale: Mwongozo wa Chama cha Siasa Kutumia Mitandao ya Kijamii Nchini Uganda

Mwezi wa Novemba 2020, kampeni zilipokuwa zimebanwa na masharti ya korona na Tume ya Uchaguzi ikiwa imeelekeza vyama vitegemee zaidi redio, televisheni na mitandao kuliko mikutano mikubwa, nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp la mgombea ubunge mmoja hapa Busia. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Jioni moja mama mmoja muuza dagaa alituma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili cha sokoni: "Jamani nyinyi watu wa chama, mimi niko na meza pale ndani ya soko. Ushuru umepanda na maji hayako. Huyu mtu wenu anasema nini juu ya hiyo?" Nyuma ya sauti yake zilisikika honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Baada ya ujumbe wake zilifuata picha kumi na tisa za mgombea, wimbo wa kampeni mara mbili, na salamu za Jumapili kutoka kwa mwenyekiti wa tawi. Hakuna aliyemjibu, na mimi ni miongoni mwa walionyamaza. Asubuhi yake kulikuwa na mstari mmoja mdogo kwenye simu ukisema kwamba namba yake imeondoka katika kundi.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, nalo ndilo msingi wa mwongozo huu: kazi ya chama mitandaoni ianzie kwenye maswali ya wapiga kura, na mabango ya mgombea yafuate baadaye. Nimewaandikia maafisa wa mawasiliano na wanachama wanaojitolea katika matawi, wilaya na majimbo, wawe wa chama chenye alama ya basi, ya mwavuli, ya ufunguo, ya jembe au ya kiganja, kwa sababu mpiga kura anayeuliza kuhusu ushuru wa meza yake anastahili jibu bila kujali ni chama gani anachokiuliza.

Jueni ujumbe unapita njia gani

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, tumieni wiki moja kutembea. Nendeni stendi ya bodaboda, sokoni, saluni, na mahali wanawake wa vikundi vya akiba wanapokutana. Waulizeni watu nani ana simu janja, nani ana katochi (simu ndogo isiyo na intaneti), nani hununua bando la siku na nani la wiki, na habari za siasa huwafikia kwa mkono wa nani. Daftari la wapiga kura la uchaguzi wa 2026 lilikuwa na zaidi ya watu milioni 21, na wengi wao wanaishi vijijini ambako simu moja yenye intaneti hutumikia nyumba nzima, pengine na majirani.

Tulipofanya matembezi hayo katika parokia moja ya mpakani, yaani eneo la utawala linalokusanya vijiji kadhaa, tulikuta stendi ambayo kijana mmoja tu ndiye mwenye bando kila siku. Asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi, huweka simu juu ya tangi la pikipiki na kucheza jumbe za sauti alizopokea usiku, na wenzake saba au wanane husogea kusikiliza. Hesabu ya WhatsApp ingeonyesha msikilizaji mmoja. Tangu hapo tulianza kurekodi kwa ajili ya stendi: tunataja jina la mahali mwanzoni kabisa, tunasema polepole, tunarudia namba na tarehe mara mbili, na tunamaliza kabla ya dakika moja, maana pikipiki ikiwashwa sehemu iliyobaki haisikiki.

Gharama pia ni sehemu ya siasa ya mitandao hapa kwetu. Kuanzia Julai 2018 mtumiaji alilazimika kulipa shilingi 200 kwa siku ili afungue mitandao ya kijamii, na kodi hiyo ilipoondolewa Julai 2021 mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bei ya bando. Mtu aliyenunua bando kwa fedha za nyanya hawezi kufurahia video ndefu ya mkutano iliyomaliza bando lake kabla ya saa sita mchana. Tumeni maandishi na sauti kwanza, picha moja nyepesi ikiwa inahitajika, na video ndefu muiweke YouTube ili aitafute anayeitaka.

Kila mtandao na kazi yake

WhatsApp ndiyo nyumba ya kampeni ya jimbo, na wanaoisimamia wanapaswa kuzijua kanuni zake kama dereva anavyoijua gari yake. Kundi moja hubeba watu hadi 1,024, lakini msivutwe na ukubwa. Kundi la parokia lenye watu themanini wanaofahamiana huwa na mazungumzo, ilhali kundi la watu mia tisa hugeuka dampo la mabango. Orodha ya matangazo hupokea majina 256, na ujumbe wake humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yenu katika simu yake. Kwa hiyo mnapomwandikisha mpiga kura anayekubali kupokea habari zenu, msiondoke kabla hajaihifadhi namba ya chama kwa jina atakalolikumbuka. Ujumbe unaosambazwa huweza kwenda kwa mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi huenda kwa mazungumzo mamoja tu. Anayetegemea ujumbe wake uzunguke wenyewe atashangaa unavyokwama njiani. Mpeni mwakilishi wa kila kijiji nakala halisi, na yeye ndiye aipeleke kwa watu wake.

Kuna jambo lingine ambalo maafisa wengi hulipuuza. Katika kundi la kawaida kila mtu huona namba za wenzake, na nchini kwetu si kila mpiga kura anayetaka kuonekana akiwa katika kundi la chama fulani, hasa mwalimu wa shule ya serikali, mtumishi wa wilaya, au mfanyabiashara anayepata zabuni. Chaneli ya WhatsApp huficha namba ya mfuasi mbele ya wafuasi wengine. Fungueni chaneli kwa ajili ya wanaotaka kusikia bila kuonekana, na namba moja ya maswali ya faragha kwa ajili ya wanaotaka kuuliza bila kusikika na jirani.

TikTok ndiyo uwanja wa vijana, na haipokei matangazo ya kisiasa ya kulipia. Ilikwisha kuyapiga marufuku tangu 2019. Fedha hazitawasaidia sana huko, bali maneno na sura. Mgombea asome hotuba kwingine. Huku ajibu swali moja tu kwa sekunde arobaini, akiwa amesimama mahali panapohusika: swali la barabara lijibiwe barabarani kwenye shimo lenyewe, swali la zahanati lijibiwe nje ya zahanati.

X, iliyoitwa Twitter hapo awali, husomwa zaidi na waandishi wa habari, mawakili, wanaharakati na mabalozi wa Kampala kuliko na wapiga kura wa kaunti ndogo. Ni mahali pa tamko rasmi, pa kusahihisha uongo uliochapishwa, na pa kuweka kumbukumbu yenye tarehe. Hata hivyo, hapo ndipo mnaweza kujifunza somo la sauti ya mwanasiasa. Rais Museveni kwa miaka kadhaa amekuwa akiwaita vijana "Bazzukulu", yaani wajukuu, na wao humjibu kama babu, wengine kwa mapenzi na wengine kwa ubishi. Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, kiongozi wa chama cha upinzani cha NUP, aliingia siasa akitokea kwenye muziki, akajenga mawasiliano yake juu ya rangi nyekundu, matangazo ya mubashara na kauli ya "People Power". Wanasiasa hawa wawili wanapingana karibu katika kila jambo, lakini kila mmoja amepata namna ya kuzungumza inayolingana na umri wake na historia yake. Mgombea wenu naye atafute ya kwake, na asiazime ya mkubwa yeyote kati ya hao.

Facebook ilikuwa mlango mkubwa kuliko yote hadi Januari 2021, kampuni yake ilipofunga akaunti ilizosema zinahusiana na Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na serikali ikaifungia nchini siku chache kabla ya uchaguzi. Uchaguzi wa 2026 ulifika ikiwa bado haifunguki bila VPN. Itumieni kwa ajili ya Waganda walio ughaibuni, ambao wengi wao hupiga simu nyumbani na kuwashauri ndugu zao, lakini msiweke huko jambo lolote ambalo mpiga kura wa kijijini analihitaji.

Kiswahili na lugha nyinginezo

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo vyama vingi huteleza. Mawasiliano ya chama huandikwa Kampala kwa Kiingereza, kisha mtu mmoja hupewa usiku mmoja kuyageuza kuwa Luganda, Runyankole-Rukiga, Lusoga, Ateso, Acholi, Lugbara na Kiswahili. Kinachotoka ni sentensi ambazo hakuna mtu anayezisema. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini amri hizo hazibadilishi ukweli kwamba watu wanaokiishi wako mahali mahususi: miji ya mpakani kama Busia na Malaba, masoko ya Arua na Kasese, mitaa ya Wanubi pale Bombo, maegesho ya malori, na familia zinazoishi karibu na kambi za jeshi na polisi.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi, hasa Buganda, lugha hii ilibaki na harufu ya askari anayebisha mlango usiku. Mimi ninaipenda na ninaitumia kutwa, lakini siwezi kumlazimisha mtu aisikie kama ninavyoisikia. Kwa hiyo msitume ujumbe wa Kiswahili cha kuamrisha. Epukeni "wananchi wote mnatakiwa" na "ni lazima mjitokeze". Anzeni kwa salamu, tajeni mahali, ulizeni hali, ndipo mseme mliyonayo, maana hicho ndicho Kiswahili cha sokoni kilicholea biashara ya watu wa makabila kumi chini ya paa moja.

Badala ya kutafsiri ilani, mkalisheni chini mzungumzaji wa lugha husika, mweleze jambo kwa mdomo, kisha mumrekodi akilieleza kwa namna ambayo angemweleza shangazi yake. Ilani ya mgombea wetu ilisema "uwezeshaji wa kiuchumi wa wafanyabiashara wadogo". Mzee mmoja wa soko la samaki aliyetusaidia kurekodi alitusikiliza, akafikiri, akasema: "Yaani mtu akope bila kuweka rehani shamba la marehemu mumewe?" Tukalichukua neno lake lilivyo, na ujumbe huo wa sauti ndio uliorudishwa kwetu na watu wa vijiji ambavyo hatukuwahi kuvipelekea ujumbe.

Dawati la maswali

Chagueni watu wawili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni, ambao kazi yao ni maswali peke yake. Wasipewe kazi ya kusambaza mabango, maana bango ni rahisi na swali ni gumu, na mwanadamu hukimbilia lililo rahisi. Wawe na daftari kubwa la karatasi, hata kama mnatumia pia kompyuta. Kila swali liandikwe kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, pamoja na kijiji chake, siku na saa lilipoingia, jina la anayepaswa kulijibu, na saa jibu lilipotoka. Majina na namba za simu ziandikwe penginepo, ili daftari likipotea au likichukuliwa lisimuumbue mtu.

Swali lipewe jibu kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Mara nyingi jibu la kwanza litakuwa "tumelisikia, tumempelekea fulani, tutarudi kwako Jumatano kabla ya saa kumi", na hilo ni jibu kamili mradi Jumatano hiyo mrudi kweli. Mkikosa jibu siku hiyo, semeni kwamba bado mnalitafuta na mtaje siku nyingine. Nimeona wapiga kura wakivumilia kungoja wiki mbili kwa sababu kila siku waliyoahidiwa mtu alipiga simu, na nimewaona wakikasirika baada ya siku mbili za kimya.

Chukueni mfano wa Mpango wa Maendeleo ya Parokia, PDM, uliozinduliwa Februari 2022, ambao unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, na mnufaika hupata shilingi milioni 1. Hakuna swali linaloingia mara nyingi kuliko hili: "Za parokia yetu zimefika kwa nani?" Chama tawala hakiwezi kulijibu kwa kusifu mpango, kinapaswa kusema majina ya wanufaika yanapatikana katika ofisi gani, chama cha akiba cha parokia hukutana siku gani, na mtu aliyeachwa alalamike wapi. Chama cha upinzani nacho hakiwezi kulijibu kwa kulaani tu. Aliyeuliza anataka kujua kama mkopo wake utafutwa, utaongezwa au utadaiwa serikali ikibadilika. Jibu linalokwepa sehemu hiyo litasikika kama kimya.

Kama ningemjibu yule mama wa dagaa jioni ile, ningerekodi hivi, na ninaliweka hapa ili mpate kipimo cha urefu na mpangilio: "Mama wa meza ya dagaa, Busia sokoni, shikamoo. Swali lako la ushuru na maji tumelisikia. Ushuru wa soko unapangwa na baraza la manispaa, mbunge hana kalamu ya kuupunguza peke yake. Mgombea wetu atakuja kwenye banda la samaki Jumatano saa nane mchana, saa nane mchana, pamoja na mgombea wetu wa udiwani, ambaye ndiye atakayeketi kwenye baraza hilo. Njoo na risiti yako ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Asiyeweza kuja atume picha ya risiti kwenye namba hii." Tazameni kwamba jibu hili linakiri mpaka wa madaraka ya mgombea. Kumwahidi mtu jambo lisilo mikononi mwa mbunge ni njia ya haraka ya kupata kura moja na kupoteza mtaa mzima baada ya miezi sita.

Jibu likiisha kutoka, liulizeni daftari lenu kila Ijumaa: swali gani limerudi kutoka vijiji vitatu au zaidi? Hilo ndilo liwe mada ya kipindi cha redio cha wiki inayofuata, na ndilo mgombea aanze nalo kwenye mkutano wa Jumamosi. Hapo mtandao unakuwa umefanya kazi ambayo bango haliwezi kuifanya, kwa maana mpiga kura mwenye katochi atasikia redioni swali alilolituma jirani yake mwenye simu janja.

Uvumi na video bandia

Uvumi hupenda jioni ya mwisho. Ule wa kawaida kabisa husema mgombea amejitoa, amehongwa, amekamatwa au amefariki. Siku hizi akili mnemba inaweza kutengeneza sauti inayofanana na ya mgombea, na sauti iliyobanwa na WhatsApp huficha kasoro ambazo sikio lingezitambua.

Jiandaeni mapema. Tangazeni redioni, mara nyingi kabla ya wiki ya mwisho, namba moja tu ambayo mgombea huitumia kutoa taarifa. Hifadhini rekodi halisi za hotuba zake zote pamoja na tarehe. Uvumi ukizuka, mtu mmoja ampigie simu mtu aliye mahali panapotajwa, awe wakala, mwenyekiti wa kijiji (LC1) au muuza duka, kabla hamjaandika neno. Picha inayodaiwa kuwa ya leo ichunguzwe nguo, mabango ya ukutani, matope au vumbi barabarani; picha nyingi zinazosambaa ni za miaka ya nyuma au za nchi nyingine. Kisha jibuni kwa kuanza na ukweli: mgombea asimame mahali panapojulikana na kila mtu, ashike gazeti la New Vision au Daily Monitor la siku hiyo, ataje tarehe na saa, aseme yupo na bado anagombea. Msirudie maneno ya uvumi kama kichwa cha habari, kwa kuwa wengi watasoma kichwa tu.

Na ikiwa uongo umetoka kwa mtu wa chama chenu? Ufuteni hadharani, katika kundi lile lile ulimoonekana, na mseme kwa nini mmeufuta. Najua hili linaumiza mioyo ya wapambe wakati wa kampeni. Lakini kundi lililoona mkimsahihisha mtu wenu mwenyewe litawaamini mtakapomsahihisha mpinzani.

Sheria, na usalama wa watu wenu

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijakusanywa na kutumiwa. Orodha ya namba za waumini wa kanisa, za wanachama wa SACCO au za wazazi wa shule si mali ya chama, hata kama mwenye nayo ni mwanachama wenu na ameileta kwa moyo mweupe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, pamoja na marekebisho yake ya 2022, iligusa matamshi ya chuki, habari za hila na habari zinazotumwa kwa mtu asiyeziomba. Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria hiyo Januari 2023, na mashauri mengine yamefuata, kwa hiyo kila msimu wa kampeni mwombeni wakili wa chama awaeleze sheria ilivyo wakati huo, na aseme kwa lugha ambayo msimamizi wa kundi la parokia ataielewa.

Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimhukumu kijana wa miaka 24 kifungo cha miaka 6 kwa ajili ya video za TikTok zilizodaiwa kumtukana Rais na familia yake. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya ukali wa adhabu hiyo, nami ninayo. Linalonihusu hapa ni wajibu wa chama. Kiongozi anayewachochea vijana watukane, kisha asionekane siku wanapopandishwa kizimbani, amewatendea ubaya. Wafundisheni wanaojitolea kupinga sera, matumizi ya fedha, ahadi iliyovunjwa na barabara iliyoachwa, na kuacha miili ya watu, mama zao na makabila yao.

Akaunti zenyewe zilindwe. Laini ya simu ya chama isajiliwe kwa njia ambayo chama kinaweza kuirejesha, isiwe kwa kitambulisho cha kijana atakayegombana na mwenyekiti mwezi ujao. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kwenye WhatsApp na mitandao yote, na neno la siri lijulikane kwa watu wawili wenye majina yaliyoandikwa. Akaunti binafsi za viongozi nazo zina uzito. Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais, aliandika kwenye Twitter maneno juu ya kuiteka Nairobi, na Rais Museveni akalazimika kuwaomba radhi Wakenya. Diwani wenu naye akiandika usiku wa manane, mtaa utasema chama kimesema.

Siku mtandao utakapozimwa

Mpangieni kuzimwa kwa mtandao kama mnavyoupangia msimu wa mvua. Siku ya kupiga kura ya tarehe 18 Februari 2016 mitandao ya kijamii ilifungwa, na huduma za kutuma fedha kwa simu zikafungwa nayo. Mwaka 2021 intaneti yote ilikatika jioni ya tarehe 13 Januari, mkesha wa uchaguzi, ikarudi tarehe 18. Januari 2026 ilikatwa tena siku mbili kabla ya watu kupiga kura. NUP mwaka 2021 ilikuwa imeandaa programu ya simu iitwayo U Vote kwa ajili ya kukusanya picha za fomu za matokeo kutoka vituoni, na kukatwa kwa intaneti kukaizuia kufanya kazi kama ilivyokusudiwa. Programu ya namna hiyo ina thamani, lakini iwe njia ya pili, na karatasi iwe ya kwanza.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kila mwakilishi wa kijiji awe na orodha ya karatasi yenye namba za wenzake wa jirani, maana kwenye giza la intaneti mwaka 2021 simu za kawaida ziliendelea kupigwa. Posho na nauli za mawakala zilipwe kwa fedha taslimu kabla ya juma la mwisho. Elezeni mapema, kwa sauti na kwa maandishi, jinsi mtu atakavyojua kituo chake cha kupigia kura, na muombe kila anayepokea amweleze asiye na simu. Nunueni muda wa redio ya wilaya kwa siku hizo mapema, kabla bei hazijapanda. Kila wakala ajue kwamba ana haki ya kupewa nakala ya fomu ya matokeo ya kituo chake, aikunje vizuri, aiweke kwenye mfuko wa plastiki, na ajue kwa jina bodaboda atakayeichukua, itapelekwa nyumba gani, na kama bodaboda huyo hakufika, mtu wa pili ni nani.

Asubuhi baada ya matokeo

Makundi mengi ya kampeni hufa siku matokeo yanapotangazwa. Wasimamizi huondoka mmoja mmoja, waliobaki huanza kuuziana viatu na kutumiana sala, na miaka mitano baadaye chama hufungua kundi jipya na kushangaa kwa nini watu hawajiungi.

Msilifunge. Mkishinda au mkishindwa, tumeni ujumbe wa sauti ndani ya siku tatu, kwa lugha zile zile mlizoombea kura, mkishukuru na kusema kundi litaendelea chini ya msimamizi gani. Kisha fungueni daftari la maswali, nakilini yale ambayo hayajapata jibu, mpange kwa kijiji, na mumkabidhi diwani au mbunge aliyechaguliwa, hata kama ni wa chama kingine, mkiomba asaini kwamba ameyapokea. Picha ya ukurasa huo wenye saini iwekwe kwenye kundi. Mwaka 2021 sisi tulipeleka kurasa saba, na swali la ushuru wa meza na maji ya soko lilikuwa la kwanza kwenye ukurasa wa kwanza. Namba ya yule mama nilikuwa nayo bado, nikampigia kumwambia limeandikwa wapi na nani amelipokea, naye akauliza kama anaweza kurudishwa kwenye kundi.